Grauti na Kazi ya Kukalisha Mashine

Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, jengo la kuchakatia majani huitwa korona. Neno hilo lilikuwapo miaka mingi kabla ya ugonjwa wa mwaka 2020. Limetokana na jina la biashara la mashine za kuchakatia mkonge zilizotengenezwa na kampuni ya Krupp huko Ujerumani. Mashine zilikuja kwa meli, zikafungwa juu ya misingi ya zege, na jina lililoandikwa kwenye chuma likawa jina la mashine, kisha jina la jengo, kisha jina la kazi yenyewe: fulani yuko korona, mwenzake yuko shambani anakata. Hakuna kamati iliyokaa kulipitisha, na hakuna mfanyakazi wa mkonge anayehitaji kufafanuliwa maana yake.

Grauti nayo imeingia Kiswahili kwa kupitia mikono ya mafundi, lakini haijatulia kama korona. Wafunga vigae wanaijua kama unga wa kuzibia mwanya kati ya kigae na kigae. Wajenzi wa mabwawa na mahandaki wanaijua kama maji ya saruji yanayosukumwa kwa pampu ndani ya nyufa za mwamba. Mafundi mitambo wanaijua kwa maana ya tatu, na hiyo ndiyo ninayoishughulikia hapa, kwa kuwa ikieleweka vibaya mashine inavunjika. Katika maelezo ya kazi yaliyoandikwa kwa Kiswahili nimeikuta imetafsiriwa kuwa "kujazia saruji chini ya mashine". Kila neno katika tafsiri hiyo linaeleweka, na fundi atakayeifuata kama ilivyo ataharibu kazi.

Tukitazame kitu chenyewe. Mashine nzito, iwe korona, kinu cha miwa, kompresa au jenereta ya dizeli, ina kitako cha chuma, ile fremu pana ya chini ambayo mafundi wengi huiita bedi. Chini ya kitako kuna msingi, bonge la zege lililozikwa ardhini. Nyuso hizi mbili hazilingani hata siku moja. Uso wa zege una mabonde na miinuko ya milimita kadhaa, na tumbo la kitako mara nyingi ni chuma kilivyotoka kwenye kalibu, hakijachongwa. Kwa hiyo mafundi hawavikutanishi. Wanaacha nafasi kwa makusudi, kwa kawaida kati ya milimita 25 na 75, na mashine inabebwa kwa muda juu ya kabari za chuma au bolti za kunyanyulia. Inapimwa kwa pimamaji ya kihandisi inayoonesha tofauti ya sehemu za mia za milimita katika urefu wa mita moja. Shafti ya mashine na shafti ya injini zinanyooshwa mpaka ziwe mstari mmoja. Ndipo rojo linapomiminwa katika ile nafasi mpaka liguse kitako kila mahali. Likishakomaa na kuwa gumu kama jiwe, bolti za kunyanyulia zinalegezwa na kabari zinatolewa. Kuanzia hapo uzito wote wa mashine, na kila pigo linalotoka ndani yake, unapita kwenye tabaka hilo jembamba kwenda kwenye msingi. Tabaka hilo ndilo grauti.

Jambo la kutoa kabari linapuuzwa sana. Kabari zikibaki zimebana, mashine itaendelea kusimama juu ya vipande vinne au sita vya chuma, na grauti itakuwa pambo la pembeni. Saruji ya kawaida husinyaa inapokomaa. Ikisinyaa hata nusu milimita, imeachana na kitako, na mzigo wote umerudi kwenye kabari. Siku ya kuwasha kila mtu atafurahi. Baada ya miezi kadhaa beringi zitaanza kuunguruma, na lawama zitakwenda kwa aliyeuza beringi.

Msingi wenyewe haupo kwa ajili ya kubeba tu. Ardhi ngumu ingeweza kubeba korona bila zege. Msingi upo ili mashine iwe na uzito wa kuutuliza mtikisiko. Mwongozo wa Taasisi ya Petroli ya Marekani unaojulikana kwa namba 686, ambao wahandisi wa viwanda vingine pia huufuata, unataka msingi uwe na uzito usiopungua mara 3 ya mashine inayozunguka, na mara 5 ya mashine ya pistoni. Mashine ya tani 10 inayozunguka inadai zege la tani 30. Lakini tani hizo 30 zinafanya kazi pale tu zinaposhikamana na mashine. Grauti ikivunjika, msingi unabaki peke yake ardhini, na mashine inatikisika juu yake kwa uzito wake mdogo. Ndiyo maana utakuta mashine iliyofungwa juu ya zege kubwa la kupigiwa mfano, na bado inatembea.

Sasa turudi kwenye kitenzi kujazia. Kujazia ni kuondoa utupu. Shimo likijaa, kazi imekwisha. Mwashi aliyeambiwa ajazie atakoroga saruji na mchanga, atashindilia kwa mwiko kuzunguka kingo za kitako, atalainisha pembeni, na kazi itapendeza machoni. Sentimita 20 kwenda ndani hakuna kitu. Kitako kimekaa juu ya ukingo wa saruji dhaifu, na katikati, mahali penye uzito mkubwa zaidi, kinaning'inia. Wala mwashi hana kosa, maana alifanya alichoambiwa. Kosa ni la aliyeandika, aliyechagua kitenzi kinachoeleza kinachoonekana kwa nje na kuacha kile kinachotakiwa kutokea.

Neno lenyewe la Kiingereza, mizizi yake ni nafaka. Zamani lilimaanisha unga wa kuparaza, kisha uji mzito wa unga huo, kabla wajenzi hawajalichukua kwa saruji na chokaa. Kwa hiyo anayependekeza "rojo la saruji" au "uji wa saruji" anafanya kile kile walichofanya wao, na utaratibu wetu wa kuunda istilahi unamuunga mkono, kwa kuwa unataka tutazame kwanza Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, ndipo tukope kwingine. Rojo ni neno zuri. Linasema uzito wa kitu kinachotiririka bila kuwa maji, na hivyo ndivyo grauti inavyotakiwa iwe inapomiminwa. Ikiwa nzito kama udongo wa kujengea haitafika katikati. Ikiongezwa maji ili itiririke, kokoto zitazama, maji yataelea juu, na yakikauka yataacha mwanya pale pale chini ya kitako.

Hata hivyo rojo linataja saa moja tu ya maisha ya kitu hiki. Miaka 40 inayofuata ni kigumu kama jiwe, na fundi anayekuja kukagua hatafuti rojo. Kiswahili hakioni tabu kukipa kitu kimoja majina tofauti kadiri hali yake inavyobadilika: tunapanda mpunga, tunanunua mchele, tunakula wali. Ninapendekeza tufanye hivyo hivyo hapa. Rojo liwe jina la kile kinachokorogwa na kumiminwa. Grauti iwe jina la lile tabaka gumu linalobaki, na la bidhaa inayouzwa katika mfuko kwa kazi hiyo. Mafundi tayari wanasema "kupiga grauti", kwa mtindo wa kupiga lipu na kupiga rangi, na sioni sababu ya kuwanyang'anya neno lililokwisha kuzoea ndimi zao.

Kwa kazi nzima, yaani kunyanyua, kupima, kumimina na kukaza, lipo neno la Kiswahili ambalo nalipenda kuliko yote, nalo linasikika karakana yoyote kuanzia Mombasa hadi Mbeya. Fundi akimaliza kufunga kitu sawasawa husema "imekaa". Kikiwa na kasoro husema "haijakaa". Kukalisha mashine ndiyo kazi yenyewe. Kitenzi hicho kinambana mtendaji: mashine ama imekaa ama haijakaa, na saruji iliyopendeza pembeni haibadilishi jibu. Nomino yake, ukalishaji, inaweza kuingia katika mkataba bila haya.

Korona ndiyo mahali ambapo tofauti hii kati ya kujazia na kukalisha inauma zaidi. Mkonge uliletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 aliyoiagiza kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai na kupandwa upande wa Pangani. Kutokana na hiyo ulikua mmea uliolisha mkoa mzima. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha tani zipatazo 230,000 za nyuzi na kuongoza dunia. Kisha kamba za plastiki ziliua bei, mashamba yakafungwa, na korona nyingi za zama za ukoloni zikasimama au zikaendelea kuzungushwa kwa vipuri vya kubahatisha. Leo mkonge unapofufuka, mashine hizo hizo zinadaiwa kazi upya, juu ya misingi ambayo walioimwaga hawapo tena.

Na korona inautesa msingi wake kuliko mashine nyingi. Jani linaingizwa kwa ubavu, linabanwa katikati, na magurudumu mawili makubwa yenye visu butu yanaliponda na kulikwangua, kwanza upande mmoja kisha wa pili, huku maji yakimwagwa mfululizo. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kilichobaki, nyama ya jani na majimaji yake, kinaanguka chini ya mashine. Majimaji ya mkonge yana tindikali, na yakichacha tindikali inazidi. Wafanyakazi wanayajua kwa mikono yao inayowasha. Saruji nayo ni adui wa tindikali: inaliwa taratibu, unga wake unaoshwa, na mchanga unabaki umelegea. Kwa hiyo grauti ya korona inashambuliwa kwa juu na kishindo cha gurudumu lililopoteza ulinganifu, na kwa pembeni na majimaji yanayopenya kwenye kingo zake.

Dalili ya kwanza haihitaji kifaa. Mashine ikiwa inazunguka, chuchumaa na utazame mstari ambapo kitako kinakutana na grauti. Penye afya ni pakavu na patulivu. Palipoachana, utaona majimaji yakitoa vipovu vidogo kwenye ufa: vinatoka, vinafyonzwa ndani, vinatoka tena, kwa mapigo yale yale ya mashine. Kitako kinapumua. Kila kinaposhuka kinayasukuma majimaji kwa nguvu, na majimaji hayo yanachimba saruji zaidi, kwa hiyo ufa unajilea wenyewe. Mashine ikizimwa, gonga kitako kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua. Penye grauti nyundo inajibu kwa mlio mfupi uliokufa. Penye utupu mlio unavuma. Weka alama ya chaki. Baada ya nusu saa una ramani ya ugonjwa wote, na mara nyingi ramani hiyo inaonesha kuwa kilichobaki kizima ni pembe mbili tu.

Hapo mkono wa fundi hukimbilia spana. Nati zinakazwa, mtikisiko unapungua kwa wiki moja, unarudi, nati zinakazwa zaidi. Ni kosa la hatari kwa mashine za zamani, kwa sababu vitako vyake ni chuma cha kusubu, ambacho mafundi hukiita kasti. Kasti inabeba mzigo wa kugandamiza vizuri sana, lakini haipindi. Ukiivuta chini kuelekea utupu, inakatika. Ufa wa kasti haufungwi kwa kuchomelea tu, kwa kuwa joto la ghafla huzaa ufa mwingine pembeni. Ama chuma kinapashwa moto kizima na kupozwa polepole, ama ufa unashonwa bila moto kwa pini na vibanio vya chuma. Kazi zote mbili ni ghali kuliko grauti mara nyingi.

Bolti za msingi nazo zinahitaji kueleweka. Watu wengi huzidhania ni misumari, kumbe kazi yake ni ya springi. Bolti ikikazwa hunyooka kidogo sana, na ni huko kutaka kurudi kwenye urefu wake kunakoibana mashine dhidi ya grauti. Ili inyooke inahitaji urefu ulio huru. Ikiwa rojo liliishika mpaka karibu na nati, kimebaki kipande kifupi cha kunyooka, na kipande hicho ama hulegea ama hukatika. Ndiyo maana kabla ya kumimina, sehemu ya juu ya bolti huvikwa kitu laini ili rojo lisiishike. Kazi ya dakika chache, na inasahaulika karibu kila mara.

Kuikalisha upya mashine nzee ni kazi ya subira. Kama inawezekana inang'olewa yote, inanyanyuliwa kwa winchi, na msingi unabaki wazi. Mara nyingi haiwezekani, basi inafanywa kwa sehemu: upande mmoja unachimbwa huku mwingine umebeba, jeki na kabari zikishika mahali palipofunguliwa, na shafti ikipimwa kila baada ya hatua ili kitako kisijipinde bila mtu kujua. Grauti ya zamani inatolewa yote. Uso wa msingi nao unachongwa kwa tindo, angalau milimita 25, mpaka zege safi lionekane na kokoto zake zikiwa zimekatika badala ya kung'oka. Kwenye mitambo iliyovuja mafuta kwa miaka mingi itabidi kwenda chini zaidi, maana zege hunywa mafuta na kudhoofika. Dondosha tone la maji: likibaki juu bila kunywewa, bado kuna mafuta, endelea kuchonga. Katika korona unatafuta vilevile zege lililoliwa na tindikali, ambalo kucha ya kidole inatosha kulikwangua.

Kabla ya saruji isiyosinyaa kupatikana, mafundi walihangaika sana na tatizo la kusinyaa. Karne ya 19 walimimina salfa iliyoyeyushwa au risasi. Walichanganya pia vumbi la chuma na chumvi ya amonia, ili chuma kikishika kutu kivimbe na kubana. Baadaye vumbi la chuma liliingizwa kwenye saruji yenyewe kwa lengo hilo hilo. Kuanzia miaka ya 1950 ikaja epoksi, grauti ya vitu vitatu: gundi, kigumushi chake na mchanga maalumu. Ikikomaa inabeba mara tatu au zaidi ya zege la kawaida, haijali mafuta, na inastahimili tindikali vizuri kuliko saruji. Kwa korona, ningeichagua hiyo panapokuwa na fedha, lakini si kila mahali ni mahali pake. Inatoa joto inapokomaa, na joto likipanda inatanuka kuliko zege, kwa hiyo vipande virefu lazima viachiwe viungo. Ikimiminwa juu ya zege lenye unyevu haishiki. Grauti ya saruji inataka kinyume chake: msingi uloweshwe saa 24, kisha maji yaliyotuama yafutwe, uso ubaki na unyevu bila madimbwi. Fundi aliyezoea moja akipewa nyingine bila maelezo, atakosea kwa uaminifu mtupu.

Kumimina ni kwa upande mmoja tu, bila kusimama. Rojo linaingia huku, linasukuma hewa mbele yake, na unasubiri mpaka lichomoze upande wa pili na kupanda juu ya usawa wa tumbo la kitako. Ukimimina pande zote mbili kwa kuharakisha, hewa inafungiwa katikati, na umerudi kule kule kwenye ukingo uliojaa na tumbo lililo tupu. Penye vyumba ndani ya kitako hutobolewa matundu ya kupumulia. Mbao za boksi ziwe zimezibwa kabisa, kwa sababu epoksi hupenya hata kwenye mwanya mdogo, na inayovuja ni ya gharama.

Limebaki neno moja la kurekebisha, nalo ni kukauka. Tunasema saruji imekauka, na msemo huo unawafanya watu waiache grauti juani na upepo uipige. Saruji haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kuunganika na maji, na ikinyang'anywa maji mapema inapasuka na kubaki dhaifu. Neno lake ni kukomaa. Wakati inakomaa inafunikwa kwa magunia mabichi kwa siku kadhaa, na mashine haiguswi. Nati zinakazwa kikamilifu baada ya grauti kufikia nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko wake, kila bolti kwa kipimo na kwa zamu, pembe hii kisha ile inayotazamana nayo. Halafu geji ya saa inawekwa kwenye kila mguu wa kitako na nati yake inalegezwa mara moja. Sindano ikitulia, mguu huo umekaa. Ikisogea zaidi ya sehemu 5 za mia za milimita, mguu ulikuwa umevutwa chini kwa nguvu ya nati, na chini yake kuna kazi ambayo haijaisha.